Wiki Mbili za Bichi

Wiki mbili zilikuwa zimefika kumi na moja, na Estelle alikuwa amekwisha kuuchukia mchanga. Ulikuwa ndani ya bugali, ndani ya nywele, ndani ya shuka. Ulikuwa hata ndani ya daftari lake la maandalio ya masomo, ambalo alilifunga kwa kitambaa na kulilaza chini kabisa ya nguo zake. Bado kila alipolifungua, punje zilimwagika mapajani.

"Wiki mbili tu," Octave alikuwa amesema mwezi wa sita, walipoondoka Salamabila. "Nipumzishe kichwa. Shangazi yangu, Tantine Marguerite, ana kibanda bichini. Samaki wapo, upepo upo. Wiki mbili, halafu tunakwenda kwetu Kabambare."

Estelle hakubisha. Angebishaje? Mume wake alikuwa hajalala vizuri tangu shimo la dhahabu lilipomwangukia rafiki yake Zacharie. Akiingia nyumbani na mlango ukafungwa, jasho lilimtoka, akaanza kutazama juu, kwenye mabati, kama mtu anayesikiliza. Basi wakaja.

Na bichi ilikuwa nzuri, hilo hakuna wa kulikataa. Ni mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka Kasongo mjini, pale mto Lualaba unapopinda na, kiangazi kikikolea, kuacha mchanga mweupe mpana kama viwanja vitatu vya mpira. Kila mwaka watu huja kujenga mji juu ya mchanga huo: vibanda vya nyasi vya wakausha samaki, mafundi wa mitumbwi, wauza bia, mwanamke mmoja wa kusuka nywele, na hata msikiti mdogo wa miti na turubai. Jumapili vijana wa mjini huteremka na redio kubwa zao, wakaogelea, wakala samaki wa kuchoma, wakapigana picha. Mvua zikirudi, mto unachukua vyote. Tantine Marguerite, aliyekuwa ameishi hapo viangazi ishirini na viwili, alikuwa na mali moja tu ya kudumu, yaani mlango wake wa mbao. Kila mwaka aliung'oa, akajitwisha hadi ukingo wa juu, na mwaka uliofuata akaujengea nyumba nyingine.

Octave alipona bichini, au alionekana kupona. Alilala nje, chali, juu ya mkeka, bila kitu baina yake na mbingu. Mchana alisaidia kuvuta mitumbwi na kupakua mizigo. Alicheka. Alinenepa. Jambo moja tu lilimtia Estelle wasiwasi: mume wake alipokaa kitako kuzungumza na watu, mikono yake ilichimba. Ilichimba yenyewe, bila yeye kuitazama, hadi shimo likafika kiwiko na maji ya mto yakapanda kutoka chini na kulijaza. Hapo alishtuka, akalifukia, akasogea pembeni. Baada ya muda mikono ilianza tena.

Estelle yeye hakuwa na mahali pa kuweka mikono yake. Aliosha sufuria zilizokwisha kuoshwa. Alifagia mchanga kutoka juu ya mchanga. Alitembea kutoka mitumbwi hadi mitende ya ukingoni, akarudi, akatembea tena, mpaka msusi wa nywele akampachika jina: Sentinele, yaani mlinzi.

"Sentinele, leo adui amepita?"

"Bado, dada. Nikimuona nitakuita umusuke."

Sababu ya kutotulia kwake ilikuwa ndani ya lile daftari. Estelle alikuwa na diploma ya ualimu kutoka kwa masista wa Kasongo, na kwa miaka mitatu diploma hiyo ilikuwa imekaa sandukuni huku yeye akifundisha watoto wa wachimbaji chini ya turubai, kwa malipo ya unga na sabuni. Mwezi wa saba, alipopanda juu ya kichuguu ambako simu hushika mtandao, alikuta ujumbe wa Direkta Lwamba wa shule ya Kabambare: darasa la tatu limepata nafasi. Afike yeye mwenyewe Jumatatu ya kufungua masomo, kabla ya kengele ya kwanza. Asipofika, atapewa mwingine.

Aliusoma ujumbe mara nne, akateremka akikimbia.

"Vizuri sana," Octave alisema, akambusu kwenye paji la uso. "Tutakwenda. Wiki ijayo."

Wiki ijayo ilikuwa na samaki wengi mno wa kupakia. Wiki iliyofuata tantine aliumwa mgongo. Iliyofuata tena, Octave alisema tu, "Estelle, si kuna wakati?" Sasa ilikuwa Alhamisi, na kufungua masomo kulikuwa Jumatatu.

Alhamisi hiyo ndipo alipofika Hemedi.

Hemedi alikuwa dereva wa pikipiki aliyezijua njia zote za kusini, Salamabila, Kabambare, Kasongo, na aliziongelea kama mtu anavyoongea juu ya wakwe wabaya. Alileta magunia ya karanga, akapeleka samaki wa kukauka. Estelle alimkuta akijimwagia maji kichwani, amejaa vumbi jekundu.

"Mwalimu! Bado muko hapa? Nilifikiri mto umekwisha kuwabeba."

"Mto hautaki watu wavivu, Hemedi. Habari ya Kabambare?"

"Habari ni nzuri. Direkta anakusalimia. Anasema nikuambie hivi: kuna binti mumoja amekwisha kuja mara mbili kuuliza juu ya ile darasa. Ana diploma, na ana mujomba kule ofisini. Direkta anasema atakungojea mpaka kengele. Kengele ikilia, yeye haiko tena na mudomo wa kukutetea."

"Nitafika."

"Njia ni mbaya. Ukitoka Jumamosi asubuhi na mimi, tutafika. Ukitoka Jumapili, utamukuta yule binti amekwisha kuandika jina lake ubaoni."

Estelle alimsaidia kufungua kamba za magunia. Akauliza, kwa kuuliza tu, kama mtu anavyouliza habari za majirani, "Na Mama Zacharie? Anaendeleaje baada ya matanga?"

Alikuwa amemwona mama huyo mara moja, siku ya harusi yake. Mwanamke mfupi, mwenye sauti kubwa, aliyemshikia sahani ya karanga za kuchemsha katikati ya ngoma na kumlazimisha ale zote, kwa kuwa watu humsahau bibi harusi na njaa yake.

Hemedi aliacha kufungua kamba.

"Matanga gani, Mwalimu?"

"Ya Zacharie."

"Hakukukaliwa matanga. Yule mama amekataa. Hajalia hata siku moja. Kila jioni anapakua bugali ya mutoto wake, anaifunika, asubuhi anawapa kuku. Watu wamemwambia mama, mutoto amekufa, redio ilisema. Yeye anawajibu: redio haikumuona mwanangu. Aliyemuona aje."

"Lakini Octave alikwenda," Estelle alisema. "Mwezi wa tano. Alikaa siku nne njiani, akarudi, akaniambia amefika na amemwambia mama yote."

Hemedi alitazama magunia yake. Alitazama mto. Mwishowe alitazama viatu vyake.

"Mimi nilikuja kubeba samaki tu," alisema.

"Hemedi."

"Uniache, Mwalimu. Yule ni bwana yako."

"Na wewe umekula bugali yangu Salamabila miaka miwili. Sema."

Akasema. Shimo lilipoanguka, sauti ya Zacharie ilisikika kutoka ndani kwa muda, kisha ikakatika. Octave alibaki Salamabila kuchimba ili kuutoa mwili, na ilikuwa haki. Alimtuma Hemedi aende mbio kwa Mama Zacharie na habari. Siku hiyohiyo alituma pesa na maneno kwa simu kwenye kituo kidogo cha redio cha Kabambare, tangazo la msiba lisomwe Alhamisi, ndugu waliotawanyika mashambani wasikie na kuja. Alihesabu kwamba Hemedi angefika Jumatano. Lakini daraja la miti lilikuwa limekatika, na Hemedi alikaa siku mbili kando ya maji na pikipiki yake. Alipofika Ijumaa, redio ilikuwa imekwisha kusema. Mama Zacharie alisikia jina la mwanawe uani kwa jirani, akimenya karanga, kati ya tangazo la ng'ombe aliyepotea na salamu za arusi.

"Wakati wa kurudi nikamukuta Octave kwenye lile daraja, anakuja," Hemedi alisema. "Nikamuambia namna mama alivyosikia. Akakaa chini. Nikamuacha pale, amekaa. Nilifikiri baadaye aliendelea."

"Hakuendelea," Estelle alisema.

"Haa. Basi nimeona."

Kila mtu wa kwao alijua jambo hili, na Estelle alilijua pia: aliyekuwa na marehemu katika saa yake ya mwisho ndiye anayebeba neno lake kwa wazazi. Hambebeshi mwingine. Mwili waweza kuzikwa mbali, kama Zacharie alivyozikwa palepale Salamabila, lakini neno lazima lifike nyumbani kwa miguu. Tangazo la redio ni la kuwaita watu. Kumfikishia mama msiba ni kazi ya mtu mwenye macho.

Alimkuta Octave ameketi nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, akimpa fundi misumari. Shimo lilikuwa limefika kiwiko.

"Fundi, samahani, niachie bwana yangu kidogo."

Fundi aliutazama uso wake, akachukua nyundo, akaondoka bila kuuliza.

"Ulifika wapi mwezi wa tano?" Estelle aliuliza.

Octave hakujifanya haelewi. Hilo angalau. Aliangalia maji yakipanda ndani ya shimo.

"Darajani," alisema.

"Na siku nne?"

"Nilikaa darajani."

"Ukarudi ukanitazama machoni, ukaniambia mama amepokea, mama amelia, mama ameshukuru. Ukaniambia hata alivyovaa! Kitenge cha bluu, ulisema. Octave, umekitoa wapi kitenge cha bluu?"

"Ni kile alichovaa kwenye arusi yetu."

Estelle alitaka kumpiga. Alitaka pia kukaa karibu naye na kumshika shingo. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Alisimama, na miguu yake ikaanza yenyewe kwenda huku na huku mbele ya mtumbwi.

"Wiki kumi na moja naosha sufuria safi. Nafikiri niko na mugonjwa, namuacha apone polepole. Kumbe niko na mutu anayejificha! Sikiliza. Jumamosi asubuhi napanda pikipiki ya Hemedi. Darasa langu siliachi."

"Utaniacha hapa?"

"Wewe ndiye umejiacha hapa."

Habari haikai mahali pamoja bichini. Nyumba za nyasi hazina kuta za kuizuia. Jioni haijaingia, tantine Marguerite alimwita Estelle kwenye moshi wa samaki wake.

"Mwanangu, muke akiondoka peke yake kwa watu wa bwana yake, watu wanasema ndoa imekufa."

"Waseme, tantine."

"Watasema nimekunyima chakula."

"Waonyeshe mapaja yangu, wataona kama mulininyima."

Tantine alicheka mpaka akakohoa. Kisha akageuza samaki mmoja, akageuza mwingine, akasema kwa sauti ya chini, "Unajua mimi naweza kumulisha yule mutoto mpaka nizeeke. Lakini mvua inakuja. Mimi nabeba mulango wangu, napanda juu, naingia nyumba ya udongo. Yeye ataingia wapi?"

Mvua haikungoja. Ijumaa baada ya chakula cha mchana, mawingu yalipanda kutoka upande wa pili wa Lualaba, meusi kama vyungu, na mvua ya kwanza ya mwaka ikaanguka juu ya bichi. Watu walikimbia wakicheka na kupiga kelele, samaki wakafunikwa, kila kibanda kikajaa. Estelle alikuwa mlangoni kwa tantine alipomwona Octave. Alikuwa amesimama katikati ya mchanga mtupu, peke yake, maji yakimchuruzika kidevuni. Alitazama kibanda. Alipiga hatua mbili kukielekea. Akasimama. Akarudi nyuma hatua zilezile mbili.

"Yesu wangu," tantine alisema. "Hawezi."

Estelle alivua viatu, akatoka.

Mvua ilikuwa baridi kuliko alivyodhani. Alimfikia mume wake, akamshika mkono, akamkalisha chini, na yeye akakaa mbele yake, magoti kwa magoti, kama watoto wanaocheza mchezo wa mawe.

"Mimi ni Mama Zacharie," alisema.

"Nini?"

"Mimi ni Mama Zacharie. Umefika kwangu. Nimekupa kiti. Sema."

"Estelle, acha mambo ya darasani."

"Ni mambo ya darasani, ndiyo. Mutoto asiyeweza somo analirudia mbele ya mwalimu mpaka mudomo wake uzoee. Sema."

Octave alifuta maji machoni. "Mama," alisema. "Zacharie alikufa ndani ya shimo. Mungu alimpenda."

"Hapana. Hivyo redio ilisema. Anza tena."

"Mama... tulikuwa watu wawili ndani. Mimi nilikuwa natoka na gunia. Nilikuwa mdomoni mwa shimo. Udongo ukashuka. Sikumuona tena."

"Umeruka. Hemedi anasema mulisikia sauti yake. Anza tena."

Alianza tena. Mara ya tatu sauti yake ilibadilika, ikawa nyembamba, na maneno yakatoka kwa mpangilio, moja nyuma ya jingine. Zacharie hakufa mara moja. Kulikuwa na jiwe kubwa lililomwachia nafasi ya kupumua, na kwa muda, labda wa kupika bugali na kuila, aliongea kutoka ndani. Octave alichimba kwa mikono, kwa sababu sepetu ilikuwa imebaki ndani. Walikuwa wakiongea. Zacharie aliuliza kama taa ya kichwani imepona, maana ilikuwa ya kuazima. Alitania kwamba Octave anachimba kama bibi kizee anayetafuta viazi. Halafu...

Octave alizamisha vidole mchangani.

"Halafu?" Estelle aliuliza.

"Hapo siwezi."

"Neno la mwisho ndilo mama anangojea."

"Ndiyo maana siwezi!" Alisema kwa nguvu hata watu vibandani wakageuka. "Unafikiri ni redio tu? Redio ni aibu, aibu ningeibeba. Estelle, alikuwa na miguu mitupu. Mama yake aliuza mbuzi wawili kumununulia buti za kuchimbia, zile ndefu, za mpira mgumu. Zacharie aliziuza mwezi mmoja baadaye, akanywa, akacheza karata. Aliteleza kwa sababu ya miguu mitupu, la sivyo angetoka pamoja na mimi. Na kule ndani, neno lake la mwisho, lenyewe kabisa, alisema: 'Octave, usimwambie mama juu ya buti.' Halafu akanyamaza. Sasa niambie wewe, mwalimu. Nikienda nikimwambia mama, namsaliti marehemu. Nikienda nikitunga neno lingine, namuibia mama. Basi nakaa wapi? Nakaa hapa."

Mvua iliwapiga mgongoni. Mbele yao mashimo madogo ambayo Octave alisahau kuyafukia yalikuwa yakijaa, yakiporomoka kingo, yakiwa sawa na mchanga mwingine. Estelle alifikiri. Hakutaka kusema neno la kumfariji. Alitaka neno la kweli, na alilitafuta polepole kama anayetafuta sindano kwenye shuka.

"Zacharie alisema usimwambie mama," alisema. "Alipokuwa anasema hivyo, alikuwa anafikiri nini? Alikuwa anafikiri atatoka. Mutu anayejua anakufa hajali buti. Alikuwa anafikiri utamuvuta, atapanguswa, mutakwenda Kabambare pamoja, na mama atamugombeza. Alikuombea siri ya mutu mzima aliye hai, Octave. Hakutoka. Siri hiyo ilikwisha pale ndani."

Mikono ya Octave, Estelle aliona, ilikuwa imetulia juu ya magoti.

Jumamosi alfajiri, Hemedi alikuwa amekwisha kufunga vikapu vinne vya samaki, na Estelle amekwisha kupanda, daftari limefungwa kifuani ndani ya mfuko wa nailoni. Tantine Marguerite alimpa kifurushi cha mikate na machozi kidogo. Hemedi alipiga teke kuwasha. Ndipo Octave alipotokea, begi begani.

"Sogea," alimwambia Estelle.

"Wee!" Hemedi alisema. "Hii ni pikipiki, haiko lori. Watu watatu na samaki?"

"Punguza samaki."

"Wewe ndiye upungue! Wiki kumi na moja ya samaki wa tantine, umekuwa na uzito wa gunia mbili!"

Lakini walipanda. Tantine aliwasukuma mchangani mpaka magurudumu yakashika udongo mgumu, akabaki nyuma akiwapungia kwa kanga, na nyuma yake baadhi ya vibanda vilikuwa vimekwisha kuinama kwa mvua moja tu.

Njia ilikuwa kama Hemedi alivyoitukana. Walitembea kwa miguu milima yote. Walivuka matope wakibeba pikipiki kama mgonjwa. Jumamosi walilala kijijini kwa mama mmoja aliyewapa sombe, mboga ya majani ya muhogo, na chumba; Octave alilala barazani chini ya turubai la Hemedi. Jumapili mvua iliwafunga nusu siku, na Estelle alitembea huku na huku chini ya upenu wa kanisa mpaka Hemedi akamwomba, kwa jina la Mungu, akae. Walipofika kwenye lile daraja, sasa lenye miti mipya, Octave alishuka, akavuka kwa miguu mbele ya pikipiki, bila kugeuza kichwa.

Jumatatu jua likichomoza, waliingia Kabambare.

Kuna mahali njia inagawanyika. Kushoto inapanda shuleni. Kulia inateremka kwa akina Zacharie, na kutoka hapo waweza kuona mwembe na paa la nyasi la jiko. Watoto wenye mashati meupe walikuwa wakipanda makundi makundi. Hemedi alisimamisha pikipiki.

"Twende wote," Octave alisema. Uso wake ulikuwa wa kijivu kwa vumbi. "Dakika tano tu. Ukae karibu yangu. Nikikwama, utanirudishia maneno."

Estelle alitazama kulia, akatazama kushoto. Alijua angeketi hapo si dakika tano. Msiba hauna dakika. Alijua pia kwamba Octave akimwona karibu, angezungumza na yeye na si na mama.

"Somo unalijua," alisema. "Nimekusikia mara tatu. Nenda."

"Estelle..."

"Mimi nimefika mahali pangu. Fika mahali pako."

Akakimbia. Alikimbia na vumbi lake, na harufu ya samaki, na daftari kifuani, akiwapita watoto waliomwangalia kwa mshangao. Direkta Lwamba, mwanaume mwembamba mwenye suti ya kahawia, alikuwa amesimama chini ya rimu ya gari inayotumika kuwa kengele, chuma mkononi. Kwenye benchi ya ofisi aliketi msichana aliyepaka mafuta vizuri, mkoba mapajani.

"Mwalimu Estelle," Direkta alisema. "Mkono wangu ulikuwa umekwisha kupanda."

"Uuteremshe tu, Direkta. Niko."

Alimtazama toka miguuni hadi kichwani, akavuta pumzi puani.

"Umekuja na mto mzima. Nawa uso. Darasa la tatu, watoto sitini na nane, madawati kumi na tisa." Akamgeukia yule msichana, akainua mabega, na kugonga rimu.

Estelle aliandika tarehe ubaoni. Chaki ilikuwa na mchanga; hapana, mchanga ulikuwa kwenye vidole vyake. Aliwauliza watoto majina. Aliwapanga wafupi mbele. Mdomo wake ulifundisha, na masikio yake yalikuwa dirishani, upande wa kulia wa njia. Hakuna kitu. Jogoo. Mtu akitwanga. Saa ya kwanza ikapita. Akafikiri: amekaa tena chini mahali fulani. Amegeuka. Yuko njiani kurudi bichini, na mimi nimemwacha kwenye njia panda kama mzigo. Alitoka dirishani, akarudi ubaoni, akaenda dirishani, mpaka msichana mmoja wa benchi la mbele akamwambia jirani yake, kwa kunong'ona kunakosikika na darasa zima, "Mwalimu huyu anatembea sana."

Ndipo sauti ilipopanda.

Ilianza moja, kubwa, sauti ya mwanamke mfupi mwenye kifua kipana, ikipanda na kuvunjika na kupanda tena, ikiita jina: Zacharie, ee Zacharie wangu. Halafu ya pili ikaipokea, halafu ya tatu, uani kwa uani, na milango ikasikika ikifunguka, na miguu ikikimbia kuteremka. Kutwanga kulikoma. Watoto sitini na nane waligeuza vichwa.

"Mwalimu, kuna mutu amekufa?"

"Ndiyo," Estelle alisema. "Amekufa."

Aliwaacha wasikilize. Hakuwakaripia. Kisha akashika chaki na kuandika somo la kwanza, na mkono wake ulikuwa umenyooka.

Octave alikuja mchana, watoto walipokwisha kutoka. Alisimama nje ya dirisha, akashika kingo zake kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Ameniambia nile," alisema. "Nikamwambia nitakuja kukuchukua kwanza. Anakutaka kwenye mkeka."

"Ulimwambia yote?"

"Yote. Nilipofika kwenye buti nilikwama. Yeye akaniambia, sema, mwanangu. Nikasema. Alicheka, Estelle. Alicheka kabisa. Akasema, hata ndani ya udongo alikuwa ananiogopa! Akarudia tena, alikuwa ananiogopa. Halafu ndipo ile sauti ikatoka."

Estelle alianza kukusanya madaftari. Alipoinua kichwa, Octave hakuwa dirishani tena. Alikuwa mlangoni. Alitazama juu, kwenye mabati yenye kutu na mbao zake, akatazama kwa muda mrefu. Akaingia. Alikwenda hadi benchi la nyuma, akajikunja ndani yake, magoti yakigonga meza ya watoto.

"Kidogo tu," alisema. "Miguu imechoka. Halafu twende kwa mama."

Aliweka kichwa juu ya mikono. Alipumua mara mbili, tatu, na alikuwa amelala.

Estelle alingoja. Kutoka chini ya njia vilio vilikuwa vimegeuka kuwa nyimbo. Aliufuta ubao polepole, kwa kitambaa chenye maji ili kisikwaruze, kisha akaketi kwenye kiti chake na kufungua daftari kwenye somo la kesho. Mchanga ulimwagika mapajani. Safari hii hakuupangusa.